Mwekezaji wa Koti la Kuazima

Leo msinisalimie. Shemeji anataka koti lake, koti lina tope la Mbaruk, kule kwenye ploti, mpaka kwenye kola, na ile mia tano niliyoahidiwa bado haijaingia kwenye simu. Simu ikilia naruka, kumbe ni watu wa kamari wananiambia nimebahatika.

Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji Desemba 2021, raia wa kawaida tumeisha. Kinyozi wangu wa Free Area ni mwekezaji. Muuza chipsi ni mwekezaji. Juzi boda amenitoa Pipeline, badala ya chenji akanipa kadi yake ya biashara. Ya ardhi, si ya boda.

Basi Ijumaa brokeri mmoja akaniuliza, "Mzee, una suti?" Suti sina, lakini shemeji ninaye. Kazi yenyewe nyepesi: panda gari la saiti, lile la kupeleka wateja kuona ploti, tikisa kichwa kama mtu mwenye pesa, na akisema zimebaki ploti tatu, inua mkono useme, "Nichukulie mbili." Wateja halisi wakiona hivyo damu itawachemka. Malipo mia tano na soda.

Ndani ya gari tulikuwa kumi na wanne, miwani myeusi kumi na miwili. Mzee wa pembeni yangu alikuwa anafoka kwenye simu, "Mwambie Kitengela isubiri!" Nikatetemeka, hawa ni matajiri kweli. Nami nikatoa yangu, chaji imekwisha tangu asubuhi, nikauliza kwa sauti, "London wamesemaje?" Nilimaanisha London hii yetu, mtaa tu wa hapa mjini. Mtu akisikia Uingereza ni shauri lake.

"Dakika tano kutoka lami," brokeri alisema. Labda kwa helikopta. Gari likazama kwenye tope na wawekezaji tukashuka kusukuma, kila mmoja akiogopea suti ambayo sasa najua haikuwa yake. Tulipofika, mwenye shamba alikuwa amesimama na fimbo, mtulivu kama chifu mstaafu.

"Stima?" mama mmoja akauliza. Akaonyeshwa nguzo ng'ambo ya bonde. "Maji?" Mvua hapa ni nyingi. "Hati?" Ziko tayari, kasoro kutoka tu. Halafu barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, hii inayopita Nakuru, ikipanuliwa, bei itapaa! Ploti zote futi 50 kwa 100, moja ya nane ya ekari kamili.

Hapo hesabu ya darasa la nane ikaniwasha. Ekari ni futi za mraba 43,560, moja ya nane yake 5,445. Mara 50 kwa 100 ni 5,000. Zile 445 zimeenda wapi? Nikaufyata. Mtu aliyekodiwa kupiga makofi haulizi futi.

"Zimebaki tatu!"

"Nichukulie mbili!" nikanguruma. Kabla sijashusha mkono, mzee wa Kitengela: "Mbili!" Mama: "Tatu!" Kijana wa nyuma: "Nne, na ya kona niwekee!" Kwa dakika moja tulinunua shamba lote, nusu ya mahindi ya jirani, na nadhani na kijia cha ng'ombe. Mimi mwenyewe nilishaanza kupanga choo kikae wapi.

"Sasa, nani anaweka amana?"

Kimya. Kunguru akalia.

Nikamnong'oneza mzee, "Wewe pia ni wa mia tano?"

"Mia tano? Mimi nimeambiwa mia tatu!" Akamgeukia brokeri na matusi. Mama naye ni wa mia nne. Kijana wa nne na ya kona alikuwa wa soda peke yake. Katikati ya ngurumo hizo mwenye shamba akasogea na fimbo yake, akauliza kwa adabu atalipwa saa ngapi, ana kibarua kingine Lanet.

Dereva ndiye mtu pekee aliyesema kweli siku hiyo: bila nauli milango haifunguki.

Mnacheka. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikanyamaza, kwa sababu mimi nina ploti. Nimeilipia elfu kumi kumi, miaka mitatu. Nina risiti, nina karatasi yenye muhuri wa dhahabu, na nilipokwenda kufanya sachi, kuangalia rekodi za ofisi ya ardhi, nikakuta shamba zima bado ni la marehemu fulani. Siku niliyoinunua tulikuwa gari zima pia. Watu wenye suti. Mikono juu, "Nichukulie mbili!" Damu ikanichemka. Nauli ya siku ile, sasa nahesabu, huenda nililipa mimi kwa niaba ya wote!

Afadhali rafiki yangu wa Mwariki. Yeye alitafuta nyumba ya kuliona Ziwa Nakuru, na ziwa limepanda likaja kumwona mpaka mlangoni.

Sasa hili koti. Mke wangu anasema tope likikauka lipigwe brashi kwanza, lisiguswe na maji. Jirani anasema limau. Limau nazo zimepanda bei, na mama mboga niliyemwomba moja kwa deni ameniangalia juu mpaka chini, akasema, "Na wewe si ndiye ulinunua ploti mbili Jumamosi?"