Nimeambiwa nithibitishe kwamba nitarudi Mbagala

Leo saa nane mchana nimeshuka Rangi Tatu, hapa Mbagala, Dar es Salaam, natoka ofisi ya kuombea viza ya Ulaya na bahasha ile ile niliyopanda nayo alfajiri, imechoka mpaka imetoa masikio, nimeambiwa nirudi Alhamisi na ushahidi kwamba nitarudi. Hebu soma tena. Nirudi, na ushahidi kwamba nitarudi. Yaani hapa hapa mjini nimeshawarudia mara tatu, nauli yangu, jua langu, na kila nikiambiwa rudi narudi, sasa hiyo yenyewe siyo ushahidi?

Mimi ni mtu mzima jamani. Nina miaka 53, fundi wa mafriji na AC, mtaani wananiita Injinia na sijawahi kumkatalia mtu. Sina shida na Ulaya. Ulaya ndo ilikuja kwangu, kupitia dada yangu anayeishi huko miaka kumi na nne sasa, jina la nchi silitaji kwa sababu kesi yangu bado iko mikononi mwao. Dada anatimiza miaka 60, katuma mwaliko, katuma na karatasi ya udhamini kutoka ofisi za kwao, kasema njoo mdogo wangu wiki tatu tu upumzike na kelele za Mbagala. Nikajua Ulaya ni ndege tu.

Kumbe viza zina aina kama leseni. Kuna A, kuna C, kuna D, na B ilikuwepo wakaifuta. Jamaa wa bodaboda pale kijiweni akanishauri niombe A, eti ndo ya kwanza kwa hiyo ndo kubwa, kumbe kwa kuwa leseni ya pikipiki ni A basi anajua A tu maisha yake yote. A ya wenzetu ni ya kuunganisha ndege, unakaa humo humo uwanjani hutoki nje, ni kama kualikwa harusi ukaishia getini unanusa pilau. Na hiyo nayo sisi hatumo kwenye orodha yao ya pamoja ya wanaolazimika kuwa nayo, wamo Wakongo na Waethiopia na wengine, kwa hiyo Mtanzania kwa mara ya kwanza kapata upendeleo, wa kunusa. D ni ya kukaa zaidi ya miezi mitatu, masomo, kazi, kumfuata mume. Mama watoto aliposikia D ni ya kukaa sana aliuliza mara mbili kama mimi siwezi kuipata hiyo. Sikumjibu.

Yangu ni C. Siku 90 ndani ya siku 180, na usidhani ni miezi mitatu kwa miezi sita ukaridhika, hapana, kila siku unayokuwa kule unahesabu kurudi nyuma siku 180 uone umeshakaa ngapi. Mwanangu yuko form four nikampa hilo swali akasema baba hili halijafika kwenye silabasi.

Halafu hili jina la viza yenyewe, Schengen. Nilidhani ni jina la mzungu mkubwa. Ni kijiji! Kijiji cha wakulima wa zabibu huko Luxembourg, mwaka 1985 nchi tano zikasaini makubaliano ndani ya boti mtoni, saivi zimefika nchi 29 zenye geti moja. Nchi 29! Jirani yangu mjuaji akanipa mbinu, omba nchi yenye foleni fupi halafu ukifika unahamia kwa dada. Nikamsikiliza mpaka mwisho ndo nikaambiwa na wanaojua kwamba unaomba kule utakakokaa siku nyingi, siyo unakopapenda wewe. Huyo jirani mwenyewe hajawahi kufika Kibaha.

Makaratasi sitaki hata kuyaelezea, mnayajua. Pasipoti wanataka iwe haijapita miaka kumi tangu itolewe, ibakize miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kwao, na iwe na kurasa mbili tupu. Yangu ina kurasa tupu zote. Hapo nilifaulu kwa kishindo. Picha ya milimita 35 kwa 45, usicheke, ukuta mweupe, kijana wa stesheneri akanivalisha suti ya kompyuta na akaniondoa kovu la shavuni bila ruhusa, nikarudishwa kwa sababu siyo mimi. Ada yuro 90, ni zaidi ya laki mbili za kwetu, ukinyimwa harudishiwi mtu kitu. Barua ya mwajiri ya kukupa likizo, sasa mwajiri wangu ni mimi, nikakaa usiku nikajiandikia: Ndugu Fundi, ombi lako la likizo ya siku 21 limekubaliwa, ofisi inakutakia safari njema. Nikasaini kama Mkurugenzi. Nilivyomaliza kuisoma nilijisikia vizuri sana, miaka yote hii nafanya kazi sijawahi kupewa likizo.

Na taarifa ya benki. Akaunti yangu ni njia, siyo nyumba. Hela ikiingia saa nne saa tano imeshatoka, karatasi nzima inasoma salio elfu kumi na moja, elfu tisa, elfu kumi na moja na mia nne. Nikamwangukia shemeji akaniwekea milioni tano ili akaunti inenepe kidogo, akaweka Jumatatu, na tangu Jumatatu hiyo kadi yangu ya benki anatembea nayo yeye, na kila jioni ananipigia eti kunijulia hali.

Basi leo nikafika dirishani. Kioo, na kipaza sauti kidogo, ukiongea wewe unasikika mpaka mlangoni. Nyuma yangu foleni ya watu kama ishirini wamekaa kwenye viti wanajifanya wanaangalia simu. Binti wa ndani mdogo tu, umri wa mwanangu wa kwanza, kasuka vizuri, akaniamkia, "Shikamoo baba." Nikasema marahaba mwanangu, moyo ukatulia, nikajua hapa niko nyumbani.

Akafunua, akafunua, akafika kwenye benki akasimama. "Baba, hii milioni tano ya Jumatatu imetoka wapi?"

Nikasema ni akiba.

"Akiba ya Jumatatu?"

Nyuma yangu mtu akakohoa. Nikasema hela zangu nyingine hukaa kwenye simu na kwenye kibubu. Akaandika kitu. Sipendi mtu akiandika kitu bila kuniambia.

"Sawa. Sasa baba, kitu gani kitakurudisha Tanzania?"

Nikamwambia ndege. Hakucheka. Akasema, "Namaanisha, una kitu gani huku kitakachokufanya urudi?"

Jamani. Mimi nimezaliwa hapa. Swali la kwa nini nirudi kwangu sijawahi kuulizwa hata na mke wangu siku ambazo nimechelewa sana. Nikamwambia nina mke. Cheti cha ndoa hicho hapo.

"Mke anabaki?"

Anabaki.

"Watoto?"

Wanne, wote wanasoma. Hapo mzee mmoja nyuma yangu akasema, wala hakunong'ona, "Ada za watoto wanne? Mimi nisingerudi." Watu wakaangua kicheko, na binti nikamwona anabana midomo. Nikageuka nikamwangalia yule mzee kwa heshima zote, akainua simu yake.

Nikaona nitoe silaha nzito. Nina kiwanja Chamazi, na nyumba iko juu yake. Binti akaomba hati. Nikamtolea karatasi ya mauziano, ina muhuri wa serikali ya mtaa na mashahidi wanne, wawili wameshatangulia mbele za haki. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. "Nyumba imekamilika?"

"Iko kwenye lenta."

"Tangu lini?"

"Elfu mbili na kumi na nne."

Akaniangalia kama daktari anavyokuangalia kabla ya kukuambia ukae chini. Nikamwambia mwanangu hebu fikiria, mtu aliyekaa miaka yote hiyo anasubiri kupaua, anaanzaje kukimbia kabla ya bati? Kwa hoja ile foleni nzima ilinyamaza, nadhani iliwagusa wengi, sisi wote tuko kwenye lenta.

Binti naye nikaona kaguswa, akauliza kwa upole, "Kuna kingine baba? Biashara, mifugo?"

Nikasema nina kuku. Sitini, wa mayai. Na hapo ndipo nilipojikaanga mwenyewe.

"Ukiondoka wiki tatu nani anawalisha?"

Nikajibu haraka haraka kwa kujivunia, mke wangu, yuko vizuri sana, hata mimi nikiwepo ndo yeye anayelisha.

"Kwa hiyo kuku hawakutegemei wewe."

Nikashtuka. Nikasema hapana, wananitegemea, mke anasaidia tu. "Kwa hiyo usipokuwepo kuku watakufa?" Hawafi! "Kama hawafi, hawakurudishi, baba." Nikasema basi wanaumwa umwa kidogo mimi nisipokuwepo, wanapunguza kutaga. Yule mzee wa nyuma akadakia, "Mwambie wanakuita kwa jina." Mama mmoja mwenye mtoto akasema anachanjaga nani, sema unachanja wewe! Nikasema nachanja mimi! Kideri nachanja mimi! Kwa sauti, kwenye kipaza sauti, mtu mzima, Mkurugenzi, nimevaa tai ya kuazima, napiga kelele kuhusu kideri mpaka mlinzi akaingia kuangalia kuna nini.

Sasa nikakasirika kweli. Nikatoa karatasi ya bima nikaibandika kwenye kioo. Nikamwambia mwanangu, mmenitaka nikate bima ya yuro elfu 30, nimekata, humu imeandikwa nikiugua kule natibiwa na nikifa nasafirishwa mpaka kwetu. Kwa hiyo nikiwa hai narudi na tiketi, nikiwa maiti narudi na bima. Kuna hali nyingine ya tatu mnayoijua nyie?

Akafunika kipaza sauti kwa mkono, akainamia mezani, mabega yanatikisika. Alivyoinuka macho yana maji, akasema, "Baba, mimi napokea tu, wanaoamua ni wengine. Rudi Alhamisi, ongeza barua ya kueleza hiyo milioni tano, na picha za banda, na risiti za chakula cha kuku."

Risiti! Pumba nanunua kwa jamaa mwenye toroli, jina lake silijui, nikimdai risiti atadhani nimehamia TRA, kwa watu wa kodi.

Na hapo bado vidole. Wanachukua vyote kumi, wanavihifadhi mpaka miaka mitano, na mimi vidole vyangu vimeungua kwa kulehemu mabomba ya kopa, wakati wa kitambulisho cha taifa cha NIDA tu mashine ilinikataa mara sita. Baada ya hapo siku 15 za kusubiri majibu, wakitaka wanaongeza.

Kinachoniuma zaidi ni wiki iliyopita, nilikuwa hoteli moja Masaki natengeneza AC, chumbani wako mtu na mkewe wa kutoka nchi hiyo hiyo ya dada yangu, wazee wazuri sana, wakanipa na soda. Nikawauliza viza ya kuja huku mlipataje, wakasema uwanja wa ndege, dola 50, dakika chache. Nikawauliza hawakuwauliza kama mtarudi? Wakatazamana. Yule mama akasema wana paka wawili nyumbani, jirani anawalisha. Nikakaza nati zangu nikanyamaza.

Nimefika nyumbani, mama watoto kanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani utarudi?" nikashindwa kujua anauliza kwa niaba ya nani. Shemeji kapiga mara mbili. Nimeenda bandani na simu kupiga picha za ushahidi, ile tetea nyekundu ya pembeni nimeikuta inakula yai lake mwenyewe, ganda limebaki mdomoni, inaniangalia. Sasa hiyo picha nipeleke au nisipeleke? Na hapo hapo, mwenye dawa ya kuku anayekula mayai anisaidie, kuna anayesema nimkate mdomo, mwingine anasema ni upungufu wa chokaa, duka la mifugo wameniuzia unga wa elfu nane na hauna risiti.