Dreadnought ya 1906: Uingereza ilikata tawi ililokalia?

Tarehe 10 Februari 1906, Mfalme Edward VII alizindua manowari mpya iliyoshushwa majini Portsmouth, Dreadnought. Ilibeba mizinga 10 ya inchi 12, wakati manowari kubwa za kabla yake kwa kawaida zilikuwa na minne tu ya ukubwa huo, nafasi iliyobaki ikijazwa mizinga midogo. Turbini za mvuke ziliipa mwendo wa maili 21 za baharini kwa saa. Ghafla kila manowari kubwa duniani ikawa ya kizamani, na nyingi kati ya hizo zilikuwa mali ya Uingereza yenyewe. Ubishi ukaanza hapo hapo na haujaisha: Admirali John Fisher, mkuu wa jeshi la majini la Uingereza aliyeishikia bango meli hiyo, aliiokoa nchi yake au aliichongea?

Wanaomlaumu wana hoja nzito. Tangu 1889 Uingereza ilijiwekea kanuni kwamba nguvu yake baharini isipungue ile ya mataifa mawili yanayoifuata yakijumlishwa. Fedha nyingi zilimwagwa humo, na kwa meli za mtindo wa zamani Ujerumani isingeweza kuifikia. Dreadnought ilipotoka, hesabu ikaanza upya karibu na sifuri. Mwaka 1907 Wajerumani walianza kuunda za kwao, daraja la Nassau, na kufika 1909 Waingereza walikuwa wakipiga kelele wajengewe nane kwa mpigo.

Wakosoaji huongeza kwamba desturi ya zamani ilikuwa na busara zaidi: mwache mwenzako abuni, kisha mzidi kwa wingi wa karakana. Ufaransa iliposhusha Gloire mwaka 1859, meli ya mbao iliyovishwa chuma, Uingereza ilijibu mwaka uliofuata kwa Warrior, ambayo bodi lake zima lilikuwa la chuma. Mabamba yake ya inchi 4 na nusu yaliegemezwa kwenye mbao za msaji zenye unene wa inchi 18. Mfaransa alitangulia, Mwingereza akashinda.

Lakini desturi hiyo ilifaa enzi za meli za mbao za mwaloni, mambo yalipokwenda taratibu. Victory ilishushwa majini mwaka 1765, na miaka 40 baadaye bado ndiyo iliyombeba Admirali Nelson wa Uingereza kwenye vita vya baharini vya Trafalgar. Warrior, pamoja na fahari yake yote, ilipitwa ndani ya miaka kumi hivi. Katika mbio za namna hiyo, anayengoja aone wenzake wanafanya nini anaweza kukuta wameshafika.

Wengine hukumbusha mkasa wa Captain, manowari ya Uingereza, kama onyo dhidi ya haraka. Cowper Coles, ofisa wa jeshi la majini, alitaka mizinga iwekwe kwenye minara inayozunguka, na magazeti yakamuunga mkono ingawa Edward Reed, msanifu mkuu wa meli za jeshi, alikuwa na mashaka. Meli ikajengwa, sitaha yake ikakaa futi 6 na nusu tu juu ya maji, huku milingoti na matanga kamili vikiachwa palepale. Usiku wa kuamkia 7 Septemba 1870, karibu na Cape Finisterre, Hispania, dhoruba iliipindua. Walikufa karibu watu 500, Coles mwenyewe akiwemo. Mimi mkasa huu nausoma tofauti. Minara haikuwa na kosa. Kilichoiponza ni kung'ang'ania matanga juu ya meli isiyoyahimili. Devastation, iliyoshushwa mwaka uliofuata ikiwa na minara na bila matanga, ilikaa vizuri baharini.

Nayo Dreadnought ingekuja tu, kama si Portsmouth basi kwingine. Mwitaliano Vittorio Cuniberti alishachapisha wazo la meli ya aina hiyo mwaka 1903. Wajapani walianza kuunda Satsuma mwezi Mei 1905, na Wamarekani nao walikuwa mezani na michoro yao. Sababu ilikuwa ya kivita kabisa: kwa shabaha ya mbali, mpigaji hurekebisha mzinga kwa kutazama maji yanavyoruka, na mizinga ya saizi tofauti ikipiga pamoja huwezi kujua rusho lipi ni la mzinga upi. Kwa hiyo kwa Dreadnought namtetea Fisher. Tena aliwatia Wajerumani gharama ya kupanua Mfereji wao wa Kiel ili meli kubwa kama hizo zipite, kazi iliyokamilika 1914.

Ninapomshitaki ni kwingine. Ili kupata fedha na mabaharia, aliondoa kazini meli zaidi ya 150, akisema ni dhaifu mno kupigana na za polepole mno kukimbia. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, bahari za mbali ziliachiwa meli kama Pegasus, ya miaka ya 1890, ambayo Königsberg ya Wajerumani iliizamisha bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 ikiwa kwenye matengenezo. Königsberg ikajificha kwenye delta ya Rufiji, mahali ambapo manowari ya aina ya Dreadnought isingepita hata mlangoni. Walioimaliza, Julai 1915, ni Severn na Mersey, vimeli vya kina kifupi vilivyoundwa kwa ajili ya Brazil. Dreadnought yenyewe haikuwepo hata kwenye vita vya Jutland vya 1916, pale meli za Uingereza na Ujerumani zilipokutana. Meli ya adui ambayo Dreadnought iliizamisha ni moja, nyambizi U-29, Machi 1915, na haikutumia mzinga hata mmoja: iliigonga.