John Beam na namba isiyosema kitu

John Beam, kocha wa futiboli ya Kimarekani, alipigwa risasi ndani ya Chuo cha Laney, chuo cha jamii cha miaka miwili huko Oakland, California, Novemba 2025, akafariki siku iliyofuata. Karibu kila taarifa ya msiba wake ilitaja kwamba wachezaji zaidi ya 20 waliopita mikononi mwake walifika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Namba hiyo ilitajwa kwa heshima. Mimi naona inamdhulumu.

Beam alifundisha kwa zaidi ya miaka 40, ikiwemo sekondari ya Skyline, kisha Laney kuanzia 2004, akiwa kocha mkuu kuanzia 2012 hadi 2024. Gawanya: ni kama mchezaji mmoja wa NFL kila miaka miwili. Kila msimu alikuwa na vijana kwa makumi uwanjani. Kama kazi yake ilikuwa kuzalisha nyota, basi alishindwa kwa karibu kila kijana aliyempokea.

Wanaovipinga vyuo vya miaka miwili husema hivyohivyo, ila kwa ukali. Kwao, vyuo hivi vinauza ndoto: kijana ambaye alama zake hazikutosha, au ambaye vyuo vikubwa havikumtupia jicho, anaambiwa acheze misimu miwili halafu milango itafunguka. Kocha anabaki na makombe, kijana anabaki na goti bovu. Mifano wanayo. Katika chuo cha miaka miwili cha Scooba, Mississippi, kocha Buddy Stephens alitwaa ubingwa wa taifa mara tano kati ya 2011 na 2018, lakini 2015 timu yake ilifungiwa hatua ya mtoano baada ya ngumi kuzuka uwanjani. Katika chuo cha Independence, Kansas, kocha Jason Brown alijiuzulu 2019 baada ya kumwandikia mchezaji kutoka Ujerumani ujumbe akijilinganisha na Hitler. Siwezi kuwatetea hapo, na wala sitaki.

Ila California ina utaratibu wake. Vyuo vya jamii vya huko havitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, kwa hiyo kodi ya chumba ni juu ya mchezaji mwenyewe. Mfululizo wa Netflix uliofuatilia msimu wa Laney wa 2019 ulimwonyesha kwotabeki wa timu, mchezaji anayeongoza mashambulizi, akilala ndani ya gari lake. Mkosoaji atauliza, na ana haki: kijana asiye na pa kulala anafanya nini mazoezini? Jibu liko kwenye kanuni. Ili acheze, lazima awe amesajili masomo ya angalau krediti 12, na msimu wa pili hapangwi bila wastani wa alama 2.0 kati ya 4.0. Mpira ndio unaomshika darasani. Kocha akimfukuza kwa kukosa mazoezi, chuo nacho kimempoteza. Kwotabeki yule baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Hawaii. Katika ile hesabu ya 20, hayumo.

Kuna namba nyingine iliyotajwa kuhusu Beam: takriban asilimia 90 ya wachezaji wake walihitimu au walihamia vyuo vya miaka minne. Hii nayo ina walakini. Kuhamia si kuhitimu. Kijana anaweza kufika Hawaii akaacha masomo mwaka wa kwanza na bado akahesabiwa kuwa amefanikiwa. Na aliyeondoka katikati ya msimu, anahesabiwa wapi? Lakini ikate hata nusu. Bado ni kundi kubwa la vijana wa Oakland waliofika chuo kikuu, ambao bila yule mzee wa filimbi wasingejaza hata fomu.

Kuna wanaosema zama zimebadilika: sasa wachezaji wanalipwa, wanahama vyuo watakavyo, na Desemba 2024 mahakama ya shirikisho huko Tennessee ilimruhusu kwotabeki Diego Pavia kuendelea kucheza, kwa hoja kwamba miaka yake ya chuo cha miaka miwili isimkatie muda wa kucheza chuo kikuu. Sawa. Hilo linamnufaisha mwenye kipaji cha kuonekana.

Kinachonitia wasiwasi ni wenye kushika bajeti. Mwaka 2018 vyuo vinne vya jamii vya Maricopa, Arizona, vilitangaza kufuta futiboli vikitaja gharama. Bodi inayopima kwa NFL itaona mchezaji mmoja kila miaka miwili, tena kwa kocha bora kama Beam. Kwa kocha wa kawaida huenda isione hata mmoja. Kwa kipimo hicho, kufuta timu ni uamuzi wa kikao kimoja.