Kalamu Nyekundu ya Mwalimu Mkuu

Saa moja na nusu asubuhi mstari mwekundu unachorwa kwenye kitabu cha mahudhurio ya walimu. Ukichelewa unasaini chini yake, na kila atakayefungua kitabu atakuona uko huko chini na wenzako wa chini.

Nimefundisha shule tatu za msingi hapa Bagamoyo. Ya kwanza, kuna siku nilikesha na mwanangu ana homa, alfajiri nikamwacha kwa bibi yake Kiromo, nikapanda bodaboda mpaka shuleni. Nimeukuta mstari. Mkuu hakuniuliza kitu, alisogeza tu kitabu kwa kidole. Kuanzia kesho yake sikuchelewa tena, na ndipo nilipoanza kufundisha vibaya. Maandalio nikawa nanakili ya mwaka uliopita, nabadilisha tarehe. Madaftari napiga vema moja kubwa bila kusoma. Kwenye kitabu chake mimi nilikuwa mwalimu mzuri.

Najua mtakaloniambia: motisha ni hela. Kweli, lakini mshahara, madaraja na malimbikizo haviko mkononi mwa mwalimu mkuu, na kapitesheni, ile ruzuku ya serikali kwa shule, ya shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka haitoshi hata chaki na karatasi za mitihani. Mmarekani mmoja, Frederick Herzberg, aliwahoji wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh miaka ya 1950, akasema mshahara mdogo humkera mtu, ila kinachomsukuma ni kazi yenyewe na kuonekana kwamba ameifanya. Nakubali nusu. Sidhani kama wahasibu wale walikuwa wakikopa nauli kwa Mangi.

Nusu ninayoikubali niliiona shule ya pili. Mkuu alikuwa mama mmoja mkali, asiyecheka ovyo. Siku moja aliingia darasa la tatu bila taarifa, akajibana dawati la nyuma kabisa na watoto watatu. Nilikuwa nafundisha kugawanya kwa visoda. Alikaa kipindi kizima. Mchana nikakuta kikaratasi juu ya meza yangu: "Visoda vimenifurahisha. Wale wa dirishani hawaoni ubao, jua linawapiga." Asubuhi tukasogeza madawati, mimi na yeye, kabla ya paredi. Mimi nimekaguliwa mara nyingi, nimeulizwa azimio la kazi, nimeulizwa shajara, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kilichotokea ndani ya darasa langu. Wiki ile niliandaa masomo mpaka usiku, na hakuna aliyenituma.

Na msidhani alikuwa wa kubembeleza. Nilipolaza madaftari ya watoto siku nne bila kusahihisha alinisema nusu saa, mlango umefungwa. Nilipotoka, wenzangu ofisini hawakujua lolote. Mkuu wangu wa kwanza makosa yetu alikuwa akiyasoma kikaoni, jina kwa jina, chai ikipoa.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi ndio wenye ADEM hapa mjini, chuo cha uongozi wa elimu kilichoanza kwa jina la MANTEP, na watu wanatoka mikoa ya mbali kuja kusoma. Ila wakuu wengi niliofanya nao kazi walipewa barua, wakakabidhiwa funguo na mhuri, mafunzo yakafuata baadaye kama yalifuata. Mtu alikuwa hodari wa hisabati, ghafla anaongoza watu wazima ishirini wenye madeni na wagonjwa nyumbani. Anashika anachokijua, yaani kitabu na kalamu. Simlaumu sana.

Mwaka huu nimepewa utaaluma, yaani kusimamia masomo ya shule, na Mkuu akisafiri kalamu nyekundu inabaki kwangu. Juzi kijana wa ajira mpya kaingia saa mbili kasoro kumi, suruali imeloa mpaka magotini. Mstari nilishauchora. Nikamwonesha pa kusaini, chini, kisha nikamuuliza katokea wapi.

"Zinga, madam. Bodaboda imezama njiani, tumeisukuma."

Kipindi cha kwanza kilikuwa chake. Nikachukua chaki nikamshikia darasa, yeye akaenda kukamua suruali.