Linakuja!

Dereva wa watalii akikaa nyumbani masika yote anakuwa mtu hatari. Porini ni tope tupu, wageni wamerudi kwao, na gari liko uani na winchi yake, ile mashine ya kuvuta vitu kwa waya, kwenye bampa la mbele, linakutazama kama mbwa anayetaka kutembezwa. Aprili ile tulikuwa ukweni, Machame, na nilikuwa nimeshaifanyisha winchi kazi ambazo aliyeitengeneza hakuziwaza. Nilishapandisha tangi la maji la lita 1,000 juu ya mnara wake. Nilishanyoosha nguzo ya lango iliyopinda. Nilishamtoa ndama mtaroni kwa mikanda miwili chini ya tumbo, pole pole kama yai, na akina mama wakanipigia vigelegele. Vigelegele vile ndivyo vilivyoniponza.

Jioni yake baba mkwe, kata ya mbege mkononi, akaniambia, "Baba Neema, kile kisiki cha mgrevilea pale pembeni ya uwanja kimenishinda miaka minne. Hilo dude lako haliliwezi jambo hilo?"

Mwanaume akiulizwa hivyo ukweni hasemi ngoja nifikirie.

Asubuhi nikajipanga kitaalamu. Winchi yangu huvuta kilo 4,300, na hizo unazipata waya ukiwa umebaki mizunguko michache tu kwenye ngoma, yaani lile gurudumu unapojikunjia. Tabaka zikiongezeka, nguvu inashuka. Lakini ukifunga kapi kwenye kisiki, ukapitisha waya humo na kuurudisha kwenye ndoano ya gari, nguvu inakuwa karibu mara mbili, mwendo unapungua nusu. Haya yote niliwaeleza wakwe zangu waliojipanga kwenye viti kama watu wa harusi. Nikatandika blanketi katikati ya waya, ili ukikatika usirukie watu.

"Shemeji," akauliza mdogo wake mke wangu, "kwani waya nao unasikia baridi?"

Sikumjibu. Nilikuwa na tatizo kubwa zaidi: kisiki kikigoma, gari ndilo litakalokifuata, maana udongo wa kule masika ni sabuni. Lazima gari lifungwe kwa nyuma. Wapi sasa? Mgomba haufai. Mgomba si mti, ni majani yaliyokumbatiana yakajiona mti. Mparachichi ulikuwepo, mnene, mzuri, lakini ulikuwa wa jirani, na kesi ya mpaka wake ilianza kabla sijaoa. Kilichobaki karibu ni nguzo ya banda la ng'ombe, mkaratusi mnene kama paja. Nikaipiga teke. Ikaitika vizuri. Nikafunga mkanda.

Nikawasha injini, kwa sababu winchi inafyonza betri usipoangalia, nikavaa glavu, nikashika rimoti, nikasimama pembeni macho yote kwenye kisiki. Nikabonyeza. Waya ukakaza, ukaanza kuimba. Kisiki kimya. Nikazidi kubonyeza. Mzizi mmoja ukalia *ta!* chini ya ardhi, na moyo wangu ukaruka kwa furaha.

Hapo ndipo nyuma yangu watu wakaanza kupiga kelele: "Linakuja! Linakuja!"

Nitajitetea kwa Kiswahili. Wangesema "kinakuja" ningejua ni kisiki. Waliposema "linakuja" nikajua ni gari, na gari kuja kidogo si ajabu, mkanda lazima ujinyooshe kwanza ndipo ushike. Kwa hiyo nikainua dole gumba bila kugeuka, nikaendelea.

"Linakuja, Baba Neema! Linakuja!"

"Najua!" nikajibu. "Acheni lije!"

Sasa, banda na gari ni ngeli moja.

Niligeuka niliposikia bati. Halikuanguka kwa kishindo. Liliinama taratibu, kwa adabu, kama mzee anayetafuta kiti, na mabati yakateleza moja baada ya jingine mpaka kwenye migomba. Nguzo yangu ilikuja ikiburuzwa kwa mkanda. Juu ilikuwa mkaratusi, chini ya ardhi ilikuwa mchwa. Pale penye ukuta akatokea ng'ombe wa maziwa, mzima kabisa, jani la mgomba likining'inia mdomoni. Akanitazama, akatafuna mara mbili, akavuka mpaka akaingia kwenye mahindi ya jirani. Ndiyo, jirani yuleyule.

Kisiki kilikuwa palepale.

Nilitamani baba mkwe afoke. Akasafisha koo tu, akasema, "Banda lilikuwa limezeeka." Mkwe akikusamehe haraka namna ile, usingizi utausikia kwa wenzako. Mama mkwe hakusema kitu. Alikwenda kumkamata ng'ombe, na kwa kuwa hapakuwa na nguzo nyingine, akamfunga kwenye ndoano ya nyuma ya gari langu. Usiku kucha nilimsikia akijikuna kwenye tairi la akiba.

Kulipokucha mvua ilikuwa imekata na jua kali. Vijana wawili wenye shoka na sururu walishakubali kuja mchana kukichimba kisiki, elfu thelathini, nalipa mimi. Nikatoka kwenda kukunja waya wangu. Sikuuona. Shemeji alikuwa amekuta blanketi limetundikwa pale akadhani ndiyo kazi yake: ule waya wa kwenda kaanika sare za shule, ule wa kurudi kaanika shuka na kanga za nyumba nzima.

"Shikamoo shemeji," akasema, pini za nguo mdomoni. "Hizi shuka zinagusa matope. Huwezi kuukaza kidogo tu?"

Nikaingia kwenye gari kuchukua rimoti. Barazani, baba mkwe akaweka kikombe chake cha chai chini, akaenda kumfungua ng'ombe.