Machale nayo yalifundishwa

Kuna watu wanayaamini sana machale yao, "mi nikimwona mtu tu najua, damu zetu haziendani". Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku nilipopewa maombi ya kazi niyachambue, nikaweka moja pembeni bila hata kulimaliza, mwenzangu akaniuliza huyu ana shida gani, nikamjibu "simwelewi tu". Akanirudishia karatasi, akaniambia soma kwa sauti. Kumbe ana uzoefu kuwazidi wawili niliokuwa nishawapitisha! Kilichonikwaza ni jina. Jina la watu ambao tangu mdogo nasikia wakisemwa vibaya, na sijawahi hata kuishi nao.

Wengi watasema ubaguzi ni asili ya binadamu. Nusu yake kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwagawa vijana wa shule Uingereza kwenye makundi, eti kwa kuangalia nani kapenda picha za mchoraji yupi, hawakujua hata wenzao ni kina nani, na bado walipoambiwa wagawe hela wakapendelea wa kundi lao. Kwahiyo kugawana sisi-na-wao tunako. Ila nani awe "wao", hiyo tunafundishwa. Mtoto aliyezaliwa juzi hachagui sura za rangi yoyote, akifika miezi mitatu anaanza kukodolea zaidi zile za rangi ya watu wake, na wale wanaokulia katikati ya watu wa rangi tofauti tofauti hawaonyeshi hivyo. Miezi mitatu tu jamani, sasa fikiria miaka thelathini ya kusikia vijembe.

Simaanishi machale ni takataka, mtu akikufuata gizani kimbia, maswali baadae.

Kinachoniogopesha zaidi ni akili, maana nayo inageuka wakili wa machale. Mwenzangu asingeuliza ningesema barua yake ndefu, ama haikupangika, na ningejiamini kabisa. Mwaka 2004 ilichapishwa tafiti ya Marekani, walituma maombi ya kazi yanayofanana Boston na Chicago, wakabadilisha majina tu, yale yanayosikika ya kizungu yakapigiwa simu kwa karibu asilimia 50 zaidi ya yale ya watu weusi. Siamini wale waajiri wote walikaa wakapanga kubagua, wengi nahisi walikuwa na sababu zao nzuri tu, kama mimi.

Ndo maana siku hizi siisubiri akili inisaidie palepale, nishachelewa tayari. Naandika kabisa natafuta nini kabla sijafungua ombi hata moja, alafu naomba mtu afunike majina. Inachosha, na wengine wananiona najikosha, sawa tu.

Yule mwombaji aliitwa kwenye usaili. Ila wale wa miaka ya nyuma, niliowaweka pembeni na hakuna aliyeniuliza, siwajui hata majina tena.