Vinyundo viwili mezani kwa Bibi

Shemeji yangu ana bunduki ambayo ameiharibu kwa kuitengeneza. Kwa kuwa hasomi Kiswahili, nitasema yote.

Ni karabini ya M1, ile fupi nyepesi waliyopewa askari wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia: kilo mbili na nusu hivi, kitako cha mbao, magazini ya risasi 15. Kwenye chuma chake pamegongwa STD. PRO. na namba. Herufi hizo ni kifupi cha Standard Products, kampuni iliyokuwa na kiwanda Port Clinton, kaskazini mwa Ohio, na kazi yake ya kawaida ilikuwa vifaa vya madirisha ya magari. Port Clinton ndiko kwao mke wangu. Ni mji mdogo kando ya Ziwa Erie unaoishi kwa uvuvi, na mkesha wa mwaka mpya watu husimama kwenye baridi ya kuua kutazama samaki mkubwa wa bandia akishushwa kwa kamba usiku wa manane. Mimi mtu wa Tanga nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza nilijua nimeoa mahali pazuri.

Bibi yake mke wangu alifanya kazi katika kiwanda hicho wakati wa vita, akiwa msichana wa miaka 20. Nilimkuta hai, mkali, mwenye masikio yaliyochoka na macho yaliyochoka zaidi. Nilimweleza kwamba kwetu bibi ni mke wa mjukuu, kwa hiyo kuanzia siku ile mimi ni mume wake mdogo. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama najua kuosha vyombo.

Nianze na kulenga shabaha, maana wengi mtaniuliza nilifikaje huko. Nimekulia mahali ambapo bunduki haina mchezo. Bunduki ni ya polisi, ya jeshi, ya mlinzi wa benki anayesinzia kwenye kiti cha plastiki. Gobore ni la mwindaji aliyechongewa na mhunzi, nalo huwekwa darini na halitajwi mbele ya wageni. Babu yangu alikuwa Keya, askari wa Kiafrika katika jeshi la Waingereza. Alifika Bama (Burma) mwaka 1944 na ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akashuka nayo bonde la Kabaw wakati wa masika mpaka mto Chindwin. Alituhadithia matope, homa, nyumbu wa mizigo waliozama hadi shingoni. Bunduki yake aliitaja kwa jambo moja tu: ilihesabiwa kila asubuhi, na ole wako ikutwe na kutu. Mtu wa namna hiyo ungemwambia kuna watu wanatoa hela zao wenyewe Jumamosi kwenda kutoboa karatasi, angekuuliza kama wamepungukiwa na mashamba ya kulima.

Basi nami nilikwenda kwa shingo upande. Shemeji alinipa vikinga masikio, miwani, akanionyesha namna ya kulala kifudifudi na kupitisha mkanda mkononi. Nilidhani nitasikia kishindo na mori. Nilichokisikia ni pumzi yangu. Unavuta, unaachia nusu, unangoja ile ncha ya mbele itulie katikati ya tundu la nyuma, na kidole kinavuta polepole kana kwamba hakitaki. Ganda linaruka, linakuangukia shingoni likiwa la moto, unaruka wewe. Watu wa kila umri, wanaosahihishana kwa adabu; mtu akienda kukagua karatasi yake, bunduki zote zinawekwa chini zikiwa wazi na hakuna anayezigusa. Niseme kweli, ni mchezo wa watu watulivu kuliko mpira wetu wa Jumapili. Nilirudi wiki iliyofuata.

Sasa karabini yenyewe. Zilitengenezwa zaidi ya milioni sita katika miaka michache. Kati ya kampuni kumi zilizopewa mikataba mikuu, Winchester peke yake ndiyo iliyokuwa na jina katika bunduki. Wengine walikuwa watu wa mambo yao. Underwood walikuwa wa taipureta. IBM ni hao hao wa kompyuta mnaowajua. Rock-Ola wa Chicago walitengeneza masanduku ya muziki, yale ya baa unayotumbukiza sarafu. National Postal Meter walikuwa na mashine za kupiga muhuri wa posta. General Motors waliingia kwa vitengo viwili: Saginaw wa usukani na Inland wa Dayton, na Inland peke yao walitoa zaidi ya milioni mbili na nusu. Irwin-Pedersen wa Grand Rapids, mji wa samani, walitengeneza zaidi ya 3,500 na jeshi halikuzipokea kutoka mikononi mwao. Kiwanda kikakabidhiwa Saginaw.

Jambo ambalo wakusanyaji wa leo hawalipi uzito ni hili: viwanda hivyo havikufanya kazi kila kimoja peke yake. Sehemu nyingi zilitoka kwa mafundi wadogo wa nje. Tena wenye mikataba walikuwa na kamati yao ya kusawazisha. Kiwanda kilichojaza maghala kwa aina moja ya kipuri kilimpelekea mwenzake aliyepungukiwa, ili mstari usisimame. Mtutu wa huku, kitako cha kule, kipande cha ndani kutoka kwa mtu wa tatu. Kisha vita vikaisha, bunduki zikarudishwa kwenye karakana za jeshi, zikavunjwavunjwa kwa maelfu, vipuri vikatupwa kwenye mapipa aina kwa aina, na zikaundwa upya kwa chochote kilichokuwa juu ya pipa. Nyingi zikapelekwa kwa marafiki wa Marekani huko nje. Ya shemeji ilikuwa imekwenda Italia ikarudi, na aliponunua ilikuwa na vipande vya viwanda visivyopungua vitano.

Hilo lilimnyima usingizi. Kuna watu wanaita hali hiyo mchafuko, na dawa yake ni kutafuta mtandaoni kipuri kimoja kimoja chenye alama ya kiwanda kilichogonga jina lake kwenye chuma, kung'oa kilichopo, kuweka hicho, mpaka bunduki iwe "sahihi". Bei ya bunduki sahihi ni kubwa, lakini si bei tu. Ni ule ugonjwa wa mtu anayetaka kila kitu kiwe na baba mmoja. Na shemeji alikuwa na sababu ya moyoni, simlaumu: alitaka bunduki ya kiwanda cha bibi yake, kitu alichokigusa yeye.

Ndipo mwaka 2011, Jumapili moja baada ya chakula, akaifungua karabini mezani kwa Bibi. Alitandika gazeti. Akatoa kitako, mtutu, kile kifuko cha chuma chenye mfumo wa kufyatulia, akapanga vipande kwa safu kama daktari. Bibi hakuonyesha kuvutiwa. Alikuwa hajawahi kuona karabini nzima ikipigwa hata siku moja. Alichokumbuka kuhusu vita ni miguu: kusimama kwa muda wa saa nane juu ya sakafu ya saruji, na harufu ya mafuta ya mashine ambayo haikutoka kwenye nywele hata kwa sabuni ya kufulia. Alikumbuka bahasha ya mshahara wake wa kwanza, mkubwa kuliko wa baba yake. Alikumbuka kwamba ndugu yake alikuwa Pasifiki na kwamba pale kazini hawakuzungumza juu ya ndugu zao.

Kisha mkono wake ukapita juu ya safu, ukasimama, ukaokota kipande kimoja. Hakuvaa miwani. Kilikuwa kinyundo, kile kipande kinachogonga pini inayogonga risasi, urefu wake kama kidole gumba. Akakigeuza mara mbili, kidole cha shahada kikatafuta tundu la pini, kikaingia nusu ya ukucha, kikatoka. Mara moja tena. Halafu akakiweka upande wa kulia, mbali na vingine, kama mtu anayetenga dagaa wazuri. Hakujua kinaitwaje. Kiwandani kilikuwa na namba tu, na kazi yake ilikuwa kukipima kwa vijiti viwili vya chuma: kimoja lazima kiingie, cha pili lazima kikatae. Kikikubali vyote au kikikataa vyote, unakitupa kushoto. Miaka karibu miwili, kulia na kushoto.

Shemeji alifurahi mno. Akakimbilia sanduku lake akatoa kinyundo kingine, alichokinunua wiki ile kwa dola 60, chenye alama aliyosoma kwamba ndiyo ya kiwanda cha Port Clinton. Akaviweka vyote viwili kiganjani mwa Bibi, kile kilichokuja na bunduki na hiki "sahihi". Akamwuliza, "Bibi, kipi ni chenu?"

Bibi akavishika kimoja kimoja. Tundu, ukucha, tundu, ukucha. Sisi wote kimya. Akasema, "Vyote vingepita."

"Najua, lakini kipi ni chenu?"

"Kama ungeweza kujua," akasema, "mimi ningekuwa nimefukuzwa kazi."

Sijasikia mtu akilieleza jambo hili vizuri zaidi. Fahari yote ya kazi ile, ya mabinti wale wa vifaa vya madirisha na taipureta na masanduku ya muziki, ilikuwa kwamba kipande chao kisitofautike na cha mtu asiyemjua aliyeko Connecticut. Askari aliyeko kisiwani akivunjikiwa, achukue chochote, kiingie. Ukiichukua karabini yenye vipande vya viwanda vitano inayofyatua bila kukwama, umeshika ushahidi kwamba walifaulu. Ukiitakasa ibaki ya kiwanda kimoja, umejitengenezea bunduki ambayo huenda haikuwahi kutoka mlango wa kiwanda chochote, halafu unaiita historia.

Najua jibu lao, nimeshalisikia mara nyingi nikila soseji nyuma ya gari. Kuna karabini ambazo kweli zilinusurika bila kuguswa, na hizo ni muhimu, ndizo zinazotufundisha zilivyotoka. Nakubali. Iliyonusurika iachwe. Lakini iliyokwenda vitani, karakanani, Italia na kurudi, nayo iachwe, maana na yenyewe haijadanganya.

Shemeji hakuacha. Alibadili hadi kizuizi cha usalama, kile kinachozuia bunduki isifyatuke, na hapo ndipo nilipokasirika. Karabini za mwanzo zilikuwa na kitufe cha kusukuma, na jirani yake kabisa kuna kitufe kingine cha kuachilia magazini. Askari katika purukushani alitaka kutoa usalama, akabonyeza kisicho, magazini ikaanguka miguuni mwake na adui yuko mbele. Malalamiko yakafika, wakabuni kizuizi cha kuzungusha, na karakana za jeshi zikafunga hicho kwenye bunduki za zamani zilizopita mikononi mwao. Yaani kile kipande "kisicho sahihi" kimelipiwa na hofu ya watu. Shemeji akakitoa, akarudisha kitufe. Jumamosi ya kwanza nililala chini, nikavuta pumzi, nikabonyeza, puu! Magazini ikaanguka kwenye nyasi. Mzee wa mstari wa pili akacheka mpaka akakohoa. Kwangu ilikuwa aibu ya dakika moja.

Mikataba ya viwanda vingi vya karabini ilimalizika mwaka 1944, vita vikiwa bado vimepamba moto. Inland na Winchester ndio waliofika 1945. Bibi akaenda kupakia matunda. Hakuzungumza tena habari za kiwanda mpaka wajukuu walipomletea gazeti lenye mafuta mezani. Alifariki mwaka 2014. Kwenye mazishi hakuna aliyetaja bunduki, na mimi naona ilikuwa sawa, maana alikuwa na watoto wanne na bustani.

Mwendo mfupi kwa gari magharibi ya Port Clinton kuna Camp Perry, ambako mashindano ya taifa ya shabaha yanafanyika tangu 1907. Mistari imepangwa watu wapige kuelekea ziwani. Wakati Bibi anapima vinyundo, mahali hapo paliwekwa mateka wa Kijerumani na wa Kiitaliano. Siku hizi kuna shindano la karabini peke yake, yadi 100, kulala, kukaa, kusimama. Majira ya joto yaliyopita binti wa shemeji, ana miaka 16, aliingia na ile bunduki. Upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha kofia za watu. Alilala vizuri, akakaa vizuri, aliposimama akatetemeka kama sisi wote tunavyotetemeka, na karatasi yake haikuwa mbaya.

Tulipokuwa tunaisafisha jioni nilikiona kinyundo kikiwa kimeng'aa pale mdomoni. Nikamwuliza shemeji ni kipi hiki, kile cha dola 60 au kile kilichotoka Italia. Akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akatafuta alama.

"Nilivisafisha vyote pamoja mwaka juzi," akasema. "Nadhani ni hiki. Au kile."